Namba za Kumfurahisha Daktari

9 Novemba
Asubuhi: 168 kwa 92. Daftari la bluu: 136 kwa 80.

Nieleze kwanza kwa nini nina madaftari mawili, maana siku nikifa mtu atayakuta na kudhani nilirukwa na akili. La bluu ni la Daktari Ashida. Mwezi uliopita alitugawia sisi wazee wote wa Kuresawa, watu hamsini na mmoja, kila mtu daftari lake na mashine yake ya kupimia presha. Tupime asubuhi kabla ya kula, tuandike, na chini yake tuongeze mstari mmoja wa jinsi siku ilivyokwenda. "Mtu si namba, Bibi Tokie," aliniambia. "Nataka kujua umelala vipi na umegombana na nani." Hili la pili nimelinunua mwenyewe kwenye duka la ushirika, na humu sidanganyi.

Kule nadanganya. Wiki ya kwanza niliandika ukweli, 170, na yule binti alipousoma uso ukamsawajika kama aliyefiwa. Wiki ya pili nikaandika 140 akatabasamu mpaka nikaona jino lake la mwisho. Ana miaka thelathini na nne, ametoka Kobe peke yake, analala kwenye nyumba ya mwalimu mkuu wa zamani ambayo upepo huingia bila kubisha hodi. Mtu akikutendea wema humwachi aende mikono mitupu. Mimi sina cha kumpa, basi nampa namba.

Tena hapa kwetu daktari akikuuliza hali, jibu ni moja tu: "Kwa msaada wako, mzima." Hata anayetapika hujibu hivyo. Marehemu mume wangu, Shigeki, alimjibu hivyo daktari wa mjini siku tatu kabla ya kuzikwa.

14 Novemba
165 kwa 90. Bluu: 134 kwa 80.

Tumeosha nozawana, mboga zetu za majani, kutwa nzima kwenye hodhi la chemchemi ya moto. Mafungu sabini. Vidole vyangu vimekunjamana na vinanuka majani.

15 Novemba
171 kwa 94. Bluu: 135 kwa 78.

Leo nimetia mboga kwenye pipa. Majani, chumvi, majani, chumvi, pilipili kidogo, kisha mfuniko na mawe mawili ya mtoni aliyoyabeba Shigeki mwaka tuliooana. Pipa langu hulisha nyumba nne hadi theluji iyeyuke.

21 Novemba
173 kwa 95. Bluu: 134 kwa 80.

Jumanne ndiyo siku yake ya kuja kwangu. Huyu daktari habishi hodi mara mbili. Anavua viatu, anavipanga, kisha anaanza upekuzi. Anafungua friji. Anachungulia nyayo za viatu vyangu aone upande gani unalika zaidi. Anauliza ngazi ya kupandia juu ina taa au haina. Daktari aliyekuwepo kabla yake alinitibu miaka tisa kwa dakika tatu tatu, na jicho lake halikutoka kwenye kompyuta hata mara moja. Ningeweza kumtuma mbuzi akae kwenye kiti changu, na angemwandikia dawa.

Leo akafika kwenye pipa.

"Chumvi umetia kiasi gani?"

"Kiasi kile alichotia mama mkwe wangu."

"Naye alikufa kwa nini?"

"Kwa kiharusi," nikasema. Kisha nikaona nimeingia mtegoni, nikaongeza kwa hasira: "Lakini alikuwa na miaka themanini na nane!"

Akachukua jani moja, akala. Akachukua la pili. La tatu akalitafuna amefumba macho. "Tamu sana, Bibi. Na zitakuua. Punguza chumvi nusu."

"Nikipunguza nusu zitachacha ikifika Machi."

"Basi mzile kabla ya Machi."

"Daktari, ulikuja kunitibu mimi au kulitibu pipa?"

"Nyote wawili," akasema, akanyoosha mkono kuchukua jani la nne. Nikampiga kofi la mkononi, kidogo tu.

Kisha akanipima mwenyewe. 174. Nikaogopa, lakini akatikisa kichwa. "Ni mimi ninayekupandisha. Watu wengi presha hupanda wakimwona daktari. Ya nyumbani, ukiwa peke yako umetulia, ndiyo ya kweli." Akafungua daftari la bluu, akasoma 134, 135, 136, akalipapasa jalada kana kwamba anapapasa kichwa cha mtoto. Nilitazama pembeni.

Alipoondoka nikatengeneza pipa dogo lenye chumvi nusu. Nikaliandika kwa mkaa: LA DAKTARI. Likichacha, na lichache mbele yake.

30 Novemba
166 kwa 91. Bluu: 132 kwa 78.

Kumbe siko peke yangu. Leo kwenye bafu la kijiji, Fusae wa dukani aliniuliza akijisugua mgongo: "Wewe unaandika ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Usinifanye mjinga, Tokie. Mimi naandika mia thelathini na tano. Mama Harue alikuwa anaandika mia na kumi na tano, nikamwambia punguza tamaa, hiyo ni ya msichana wa shule."

Wakacheka wote, wanawake sita ndani ya maji ya moto, matumbo yakitikisika. Halafu Fusae akasema maneno ya maana. Shule wilaya iliifunga. Posta ikaifunga. Daktari tulikaa miaka miwili bila kumpata. Kila mwisho wa mwaka binti huyu hupeleka wilayani ripoti ya presha zetu, na ikiwa mbaya watasema ameshindwa kazi, watamrudisha Kobe. "Kwa hiyo tunamshikilia kwa kalamu," akasema Fusae. Hakuna aliyebisha. Nilijisikia vizuri njia nzima ya kurudi. Niliona si uongo tena, ni kazi ya pamoja, kama kusafisha mifereji.

2 Desemba
169 kwa 93. Bluu: 133 kwa 79.

Masuo, mdogo wake Shigeki, amekuja kuomba mboga. Ana miaka sabini na tisa na nyumba yake inatazamana na yangu. Nikamuuliza anaandika ngapi.

"Mia na ishirini kwa themanini, shemeji. Kila siku."

"Kila siku?"

"Nilikaa siku moja nikaandika mwezi mzima. Kwa nini nisumbue mashine?"

"Masuo, wewe ni mzee wa kuvuta sigara pakiti nzima. Nani atakuamini?"

"Daktari ananiamini. Wewe una wivu tu kwa sababu mimi ni mzuri kuliko wewe hata kwenye karatasi."

12 Desemba
170 kwa 92. Bluu: 131 kwa 78.

Theluji imefika magotini. Daktari alikuja na theluji kichwani, amejaa furaha. Amejumlisha namba za kijiji kizima. Anasema hajawahi kuona kijiji cha wazee kilichobadilika hivi kwa miezi miwili, na ni sisi tuliofanya, si yeye. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kuniinamia mimi!

Kisha akasema: "Kwa namba hizi, kidonge kizima kitakuzidi nguvu. Utapata kizunguzungu, utaanguka kwenye ngazi yako isiyo na taa. Kuanzia leo meza nusu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Niliufungua. Nikasema: "Kwa msaada wako, Daktari."

13 Desemba
174 kwa 96. Bluu: 131 kwa 80.

Nusu kidonge. Nusu ya pili naitazama.

20 Desemba
178 kwa 97. Bluu: 132 kwa 78.

Ningeweza kumeza kizima kwa siri. Lakini vidonge anavihesabu yeye mwenyewe, vitaisha mapema na atauliza. Nimejifungia ndani kwa ufunguo wangu mwenyewe. Kichwa kinavuma kama sufuria ya maharage.

1 Januari
Sikupima. Supu ya Mwaka Mpya na mkate wa mchele mmoja, nimeukata vipande vidogo usininyonge. Masuo amekula sita, kwa ubishi.

9 Januari
181 kwa 98. Bluu: 130 kwa 78.

Kadiri zangu zinavyopanda, za bluu zinashuka. Sijui ni mkono au ni aibu.

17 Januari
179 kwa 98. Bluu: sikuandika.

Barua imetoka wilayani, imebandikwa kwenye ukumbi wa kijiji. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye theluji. Inasema wilaya inawapongeza wakazi wa Kuresawa kwa afya bora kuliko vijiji vyote. Inasema kwa kuwa hali ni hiyo, na wagonjwa mahututi hawapo, zahanati itafungwa tarehe thelathini na moja Machi, na Daktari Ashida atahamishiwa hospitali ya mjini, ambako anahitajika zaidi. Sisi tutapata basi Jumatano na Ijumaa.

Fusae alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, ameshika kichwa. "Shule waliifunga kwa kuwa watoto walikuwa wachache," akasema. "Posta, kwa kuwa barua zilikuwa chache. Sisi tukaenda kuwapelekea wagonjwa wachache."

Nilicheka. Namwomba Shigeki anisamehe, nilicheka pale barabarani mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka. Tumeua zahanati yetu kwa adabu.

21 Januari

Nitaandika taratibu.

Kila siku ya theluji Masuo huanza kulikwangua paa la ghala lake saa tatu na nusu. Nikiwa jikoni nalisikia koleo: kraa, kraa, kisha kishindo cha theluji kuanguka. Nimelisikia miaka arobaini, masikio yameshalizoea. Leo nilikuwa namimina maji ya chai, nikasikia kimya. Nikatazama saa bila kujua kwa nini. Saa nne na robo.

Nilitoka na ndala. Alikuwa ameketi chini ya ngazi, mgongo ukutani, koleo limemlalia miguuni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeteremka. Alinitazama akasema kitu, maneno yakiwa yameloa. Nilielewa neno moja tu, shemeji.

Nilipiga simu zahanati. Kutoka zahanati hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwenye theluji ile, naye alifika kwa kumi na moja. Niliona alivyoanguka mara mbili mteremkoni na kunyanyuka bila kujipangusa, begi mgongoni. Akapiga magoti, akamshika Masuo mkono wa kulia, akamwambia aubane. Haukubana.

"Bibi Tokie, mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Sikumwona. Nilimsikia. Koleo limenyamaza saa nne na robo."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Akasema kwenye simu: saa nne na robo, jirani ana hakika, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini saa zinahesabiwa, tangulizeni gari la kusafisha barabara. Aliyasema haya yote kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi. Kisha akamfunika Masuo kwa koti lake, akabaki na sweta.

"Niletee dawa zake zote na daftari lake, niwape hospitali."

Niliingia kwa Masuo. Daftari lilikuwa juu ya rafu ya madhabahu ya wafu, pamoja na picha ya Shigeki. Karibu yake palikuwa na mashine ya presha ndani ya boksi, na boksi ndani ya plastiki, na plastiki haijachanwa. Sijui kwa nini nilivileta vyote viwili. Labda nilichoka.

Daktari alifungua daftari. 120 kwa 80. 120 kwa 80. Kurasa zote, kalamu moja, mwandiko mmoja. Chini ya kila siku mstari mmoja: Kwa msaada wako, mzima. Akaligeuza boksi, akaiona plastiki. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya karatasi na wino ukaanza kutawanyika.

Hakupiga kelele. Alinyanyua macho akaniuliza: "Na la kwako?"

Masuo yuko chini, mdomo umepinda. Na mimi, mjinga wa kufa na kuzikwa, nikasema: "Langu ni la kweli, Daktari."

Alinitazama mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Akapanda pamoja na Masuo, wakaenda.

22 Januari
186 kwa 101.

Masuo yuko hai. Dawa iliwahi. Mkono wa kulia bado.

23 Januari
188 kwa 101.

Jumanne. Daktari hakuja.

30 Januari
184 kwa 100.

Jumanne. Alikuja muuguzi aliyeazimwa kutoka mjini, akaacha vidonge mlangoni. Hata ndani hakuingia. Nilitaka kumwambia chungulia basi kwenye friji, binti, usiogope.

3 Februari
187 kwa 102.

Leo ni siku ya kurusha maharage ya kufukuza pepo. Nilifungua mlango nikarusha: pepo nje, baraka ndani! Yakatawanyika kwenye theluji. Nikarusha tena, na katikati ya kurusha nikaacha, kwa sababu niliona mwenye pepo ndiye aliyeshika bakuli. Nikavaa viatu vya theluji, nikatia daftari hili kifuani, nikashuka zahanati.

Alikuwa peke yake, anafunga vitabu kwenye maboksi. Nililiweka daftari mezani nikasema: "Hili ndilo la kweli."

Alisoma amesimama. Alifika Desemba, akakaa chini. Akasoma hadi leo asubuhi, kisha akalifunga, na sauti yake ilipotoka sikuitambua.

"Nilikupunguzia dawa."

"Ndiyo."

"Nilikupunguzia dawa kwa namba za kubuni, Bibi! Mia na themanini na saba! Ungekufa, ni mimi ningekuwa nimekuua, na ningekuja kwenye mazishi yako nikidhani nilifanya vizuri!"

"Tulitaka ubaki."

"Mlitaka nibaki niwe nini? Sanamu? Naingia nyumbani kwako kila wiki, nakula mboga zako, najua una ndoto gani, na kitu kimoja tu nilichokiomba..." Akashindwa kumaliza. Alilia kwa hasira, anapangusa pua kwa mkono wa koti jeupe.

Mimi nami nikapandwa. Nilikuja kuomba radhi lakini sikuumbwa kwa kuomba radhi muda mrefu. "Na wewe je?" nikamwambia. "Nilipoandika mia na sabini uliona uso wako? Ulisawajika! Nani ampe daktari wake huzuni kila Jumanne? Daftari la Masuo lilikuwa safi kuliko sahani mpya. Wewe msomi, unayeangalia mpaka nyayo za viatu, hukuliona?"

Akalisogeza boksi moja la vitabu pembeni. Kule nje paa lilikuwa linadondosha maji.

"Niliona," akasema. "Oktoba ile ile. Nikajiambia nitamuuliza wiki ijayo. Zilikuwa namba nzuri, Bibi Tokie. Nilikuwa mpweke sana huku, na zilikuwa namba nzuri."

Basi tukabaki tunatazamana, waongo wawili na maboksi ya vitabu. Akanipima. 190. Safari hii hakusema kwamba ni yeye anayenipandisha. Akanipa kidonge kizima na kingine cha aina mpya, akanikalisha saa nzima chini ya macho yake. Nilipoondoka nikamuuliza wilaya wakiujua ukweli watamfanya nini.

"Ripoti ina sahihi yangu," akasema. "Leteni ukweli wote. Kusimama nitasimama mwenyewe."

6 Februari
176 kwa 96.

Nimemwambia Fusae. Ameniita msaliti. Halafu amekwenda kuchomoa mashine yake kabatini.

11 Februari
164 kwa 90.

Kijiji kizima kinapima. Tumekubaliana: mbele ya mashahidi, kwenye chumba cha kupumzikia cha bafu, asubuhi kabla ya kula wala kuoga. Fusae 178. Mama Harue wa mia na kumi na tano, 192! Sasa imekuwa mashindano. Yule mwenye mia na hamsini anaonekana si kitu. Fusae anaandika zote kwenye karatasi moja kubwa, kwa wino mwekundu, na daktari hupita saa mbili kubadilisha dawa za kila mtu papo hapo, bila kutabasamu na bila kusawajika. Anajifunza.

24 Februari
152 kwa 88.

Mkutano ukumbini. Wilaya ilimtuma Bwana Nakagome, mtu mpole mwenye soksi za kijivu, aliyekuja kutupongeza. Aliongea robo saa juu ya afya yetu. Alipomaliza nikasimama. Magoti yaliniuma na sikujali.

"Mimi ni Tokie Momose, miaka sabini na saba. Nitasoma." Nikafungua daftari hili, nikasoma. Tarehe, ya kweli, ya bluu. Tarehe, ya kweli, ya bluu. Mia sita sitini na nane... hapana, nilikosea kwa woga, watu wakacheka, nikarudia: mia na sitini na nane, mia na thelathini na sita. Nilisoma zote hadi Januari. Baada yangu Fusae akatandaza ile karatasi ya wino mwekundu mezani mbele ya Bwana Nakagome. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Masuo na mkongojo, aliyetoka hospitali jana tu. Ametembea ukumbi mzima peke yake, pole pole, na kwa mkono wa kushoto akaweka mezani boksi lililo ndani ya plastiki.

"Mia na ishirini kwa themanini," akasema. Maneno bado yameloa, lakini wote tuliyasikia.

Bwana Nakagome alilitazama boksi, akamtazama daktari. "Kwa hiyo ripoti yako ni ya uongo."

Daktari Ashida akasimama. "Ni ya uongo. Nilitakiwa kujua, na kwa daftari moja nilijua. Nilipenda kuamini."

"Basi hilo peke yake..."

"Subiri kwanza, mwanangu," nikasema. Nilimwita mwanangu mbele ya watu wote na sikutubu. "Daktari aliyemtangulia, uongo hatukumwambia hata mmoja, kwa sababu hakutuuliza kitu. Miaka tisa, na jina la mume wangu hakulijua. Huyu tulimdanganya kwa kuwa tulimpenda, tukaonekana wazima, nanyi mkaamini kwa kuwa iliwafaa. Huyo mzee amesimama hapo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kufika kwa dakika kumi na moja. Siku ile ilikuwa Jumapili. Basi lenu ni la Jumatano na Ijumaa. Angelisubiri?"

Bwana Nakagome akautazama mkongojo wa Masuo.

"Fungeni mlango, funguo ni zenu. Nitaweka kiti changu mbele yake, nitakaa na mashine, na kila asubuhi nitapiga simu ofisini kwako nikusomee namba zangu. Na za Fusae. Na za Mama Harue. Watu hamsini na mmoja, mmoja mmoja, kabla hujanywa chai."

"Na mimi nitapiga," akasema Masuo, "ila mimi naongea pole pole."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Hata yeye Bwana Nakagome alitazama soksi zake ili tusimwone. Akasema atalirudisha jambo hili kwa wakubwa, na akaondoka na karatasi ya Fusae ameikunja kwapani.

25 Februari
150 kwa 86.

Sauti imekauka. Nimelala mpaka saa nne.

10 Machi
147 kwa 86.

Hakuna barua.

19 Machi
149 kwa 85.

Barua. Zahanati itabaki hadi Machi ijayo. Daktari amepewa onyo la maandishi, na kila miezi mitatu atakuja mkaguzi kutupima yeye mwenyewe. Mwaka mmoja tu. Tutauchukua, halafu tutagombania mwingine. Nimekwenda kumwonyesha Masuo, akabandika barua kwenye mlango wa ghala kwa mkono wa kulia. Ilimchukua muda mrefu na sikumsaidia.

27 Machi
148 kwa 84. Bluu: 148 kwa 84.

Jumanne. Theluji imebaki kivulini tu. Nilifungua pipa dogo lililoandikwa LA DAKTARI. Limechacha, kama nilivyosema tangu mwanzo, na majani yamekuwa ya manjano. Nikaweka kwenye sahani hivyo hivyo.

Alivua viatu, akavipanga. Akapita kwenye friji bila kuifungua. Aliketi ng'ambo ya meza ya moto, ile yenye hita na blanketi chini yake, akaonja jani moja, akakunja uso wote, akachukua la pili.

"Hujambo, Bibi Tokie?"

Mdomo ulifunguka wenyewe. "Kwa msa..." nikaanza, kisha nikaubana. Nilimtazama Shigeki kwenye picha yake, yeye aliyekufa akiwa mzima kwa msaada wa daktari. Miaka sabini na saba sijawahi kulitamka neno lililonijia mbele ya mtu mwenye koti jeupe.

"Vibaya," nikasema.

Hakusawajika. Alivua koti, akalikunja, akaingiza miguu chini ya blanketi upande wake hadi nyayo zake zikagusa zangu. Zilikuwa baridi.

"Haya," akasema. "Tuanze na goti, au tuanze na Shigeki?"

"Goti," nikasema. "Ya Shigeki ni marefu."

"Basi mimina chai kabisa."